Kaa Chini, kinyozi aliyevunjika paja bila kusikia maumivu

Jumamosi, saa mbili asubuhi. Mlango wa chumba cha mbele umefunguliwa wote, na wateja watatu wako kwenye benchi nje wakingoja zamu. Ndani, kinyozi amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu, breki zimefungwa, mashine inanguruma mkononi. Mbele yake, kwenye kigoda kifupi kama cha jikoni, amekaa dereva wa lori mwenye shingo nene, magoti yake mwenyewe yamemfika kidevuni.

"Pembeni toa zote, juu niachie kidogo," anasema dereva.

"Hata nikikuachia, hakuna cha kuacha," kinyozi anamjibu, na benchi zima linacheka.

Dereva naye anacheka, na katika kucheka anajisogeza nyuma. Mgongo wake unaelekea kwenye magoti ya kinyozi. Mashine inazimwa papo hapo. Mkono wa kushoto unamzuia begani.

"Kaka, usiniegemee. Magoti yangu hayabebi mtu."

Kicheko kinakatika. Dereva anaomba radhi na kukaa wima kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya mwalimu mkuu. Kinyozi anainama, anapapasa goti moja, kisha la pili, anahakikisha vidole vya miguu yote miwili vinatazama mbele. Anaporidhika, anawasha mashine na kuendelea pale alipoachia.

Mtaani wanamwita Kaa Chini, kwa sababu hilo ndilo neno la kwanza analomwambia kila anayeingia. Mtu akikaa kwenye kiti cha kawaida, kichwa chake kinakuwa juu kuliko mikono ya kinyozi inavyoweza kufanya kazi vizuri. Kwa hiyo wakubwa kwa wadogo, mwenye cheo na asiye nacho, kwake wote hukaa chini.

Ana miaka thelathini na tatu. Alipokuwa na ishirini na tatu alikuwa kuli kwenye ghala la nafaka, kijana wa kubeba gunia moja begani na kuomba jingine kwa mzaha. Siku moja rundo la magunia lililopangwa vibaya lilimporomokea mgongoni. Uti wa mgongo ulivunjika. Tangu hapo, kuanzia chini ya kifua, mwili wake haumsikii na yeye hausikii.

"Ukinichoma sindano mguuni nitakuona tu unachoma," anasema. "Ni kama unamchoma mtu mwingine."

Kunyoa alijifunzia wodini. Mhudumu mmoja alikuwa na mashine, na wagonjwa wenzake walikuwa na nywele na muda. Aliwanyoa wakiwa wamelala, akawanyoa wakiwa wamekaa, wengine akawaachia vipara vyenye ngazi kama shamba la mlimani, na hakuna aliyelalamika kwa sababu hakuna aliyekuwa na safari. Alipotoka hospitali alikuwa na ufundi.

Alikuwa pia na mama.

Mama yake alikuwa dobi. Miaka yote aliyowalea watoto wake wawili wa kiume peke yake, aliwalea kwa kufua mashuka ya watu, na kazi ya kukamua mashuka ilikuwa imempa mikono ambayo majirani waliitania kuwa ya chuma. Mtoto wake wa kwanza, seremala, alikuwa ameshajitegemea na ana karakana upande wa pili wa mji. Huyu wa pili alirudi nyumbani akiwa na miaka ishirini na nne, akabebwa tena kama alivyobebwa alipokuwa wa mwaka mmoja.

Kila asubuhi mama aliingia chumbani, akasogea mpaka magoti yake na magoti ya mwanawe yakakutana, akapitisha mikono chini ya makwapa, akafunga vidole nyuma ya mgongo. "Haya baba, nishike shingo," alimwambia. Kisha alimnyanyua kutoka kitandani, akageuka naye, akamweka kwenye kiti. Jioni alimrudisha.

"Alikuwa na neno lake la kila siku," anakumbuka. "Akishaniweka anahema, anasema, 'Baba, ni wewe umenenepa au ni mimi nimezeeka?' Mimi namwambia, 'Mama, ni kiti kimekuwa kirefu.' Tunacheka. Kumbe ilikuwa ni yeye amezeeka. Tulikuwa tunaiona tunaicheka."

Mgongo wa mama ulikuwa umeanza kupinda. Gauni lililokuwa likimfika kwenye vifundo vya miguu lilianza kuburuza upande wa mbele. Mwaka mmoja kabla ya msiba, alianguka akavunjika kifundo cha mkono, akafungwa plasta, akapona, akarudi kwenye beseni lake. Nani angehesabu hilo kuwa jambo? Mtu mzima akianguka huvunjika, watu walisema, na maisha yakaendelea.

Asubuhi ya msiba ilikuwa ya mvua. Maji yalikuwa yamepenya chini ya mlango, na mama aliyafuta kwa tambara kabla ya kwenda kumwamsha mwanawe. Sakafu ya saruji ikabaki na unyevu. Alimshika kama kawaida, akamnyanyua kama kawaida, na alipogeuka, mguu wake wa kulia ukateleza.

"Hakuniachia," anasema kinyozi. Anapuliza nywele kwenye meno ya mashine. "Angeniachia, angejishika kwenye kitanda. Kitanda kilikuwa pale pale. Hakuniachia."

Walianguka pamoja. Mama chini, mwana juu yake kiubavu, mguu wa kushoto wa mwana umekunjika na kulaliwa na uzito wa wote wawili. Alisikia mlio, kama kijiti kikavu kinachovunjwa ili kuwasha moto. Halafu akasikia mama yake akilia, sauti ambayo hakuwahi kuisikia maishani mwake, na akajua mlio ule umetoka kwa mama.

Aliita kwa nguvu zake zote. Aliyemsikia ni jirani wa ukuta kwa ukuta, fundi cherehani ambaye yeye humwita Dada tu, na ambaye siku hiyo aliingia bado ana pini mdomoni. Watu wakajaa chumbani. Mama alikuwa amevunjika nyonga. Hata asiye daktari aliliona hilo. Gari likatafutwa, mama akabebwa juu ya godoro, na kinyozi akarudishwa kitandani na vijana wawili wa mtaani.

"Waliniuliza, 'Wewe je, umeumia?' Nikawaambia mimi mzima, nendeni na mama. Na kweli nilijiona mzima. Mtu anajijua ameumia kwa maumivu. Mimi sikuwa nayo."

Usiku kucha miguu yake ilirukaruka yenyewe chini ya shuka kuliko kawaida. Alidhani ni baridi. Kesho yake kichwa kikaanza kumgonga, jasho likamtoka usoni hali mvua inanyesha. Alidhani ni homa, na ni nani asingepata homa baada ya siku kama ile. Alikunywa vidonge vya maumivu ya kichwa akalala.

Ni Dada aliyeona. Alikuja kumbadilishia mashuka, akavuta blanketi, akasimama.

"Mdogo wangu," alimwuliza taratibu, "mbona huu mguu unatazama dirishani?"

Kinyozi akainua kichwa. Vidole vya mguu wa kulia vilikuwa vinatazama dari, kama inavyopaswa mtu akilala chali. Wa kushoto ulikuwa umelala kabisa upande. Paja lilikuwa limevimba na kung'aa kama mtungi uliojazwa maji, na Dada alipoligusa, lilikuwa la moto.

Hospitalini, alikopelekwa siku hiyo hiyo, picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa paja umekatika juu kidogo ya goti. Lakini daktari wa mifupa, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, hakukaa sana kwenye sehemu iliyokatika. Kidole chake kilipanda na kushuka kwenye mfupa wote. Alimweleza kwamba mfupa wa mtu wa umri wake ungepaswa kuonekana mweupe na mzito kwenye picha. Wake ulikuwa wa kijivu, umechujuka, ukuta wake mwembamba kama ganda la yai.

Daktari akamweleza kwa lugha nyepesi. Mfupa unaishi kwa kubeba. Mtu anaposimama na kutembea, uzito wa mwili huuambia mfupa ujijenge. Miguu ikipooza, ujumbe huo haufiki tena, na mfupa huanza kukonda, kwa kasi zaidi katika ile miaka ya mwanzo baada ya ajali. Unakonda kimya, bila maumivu, mpaka siku jambo dogo linapouvunja: kuhamishwa kitandani, mguu kunaswa kwenye mlango, wakati mwingine hata kuvalishwa suruali kwa haraka.

"Wodini walikuwa wametufundisha mengi," anasema kinyozi. "Vidonda vya kulalia, mkojo, kujigeuza. Mifupa? Labda waliitaja. Siku zile nilikuwa nasikiliza jambo moja tu, nitatembea lini. Mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile."

Kisha daktari akamwuliza swali ambalo hakulitegemea. Alitaka kujua yule bibi wa wodi ya wanawake, aliyevunjika nyonga kwa kuanguka akiwa amebeba mtu, ni nani yake.

"Nikamwambia ni mama yangu. Akachukua picha ya mama akaiweka pale ukutani karibu na yangu. Akaniambia, 'Mngeficha majina, nisingejua ipi ya mama na ipi ya mwana.' Hakusema kwa ubaya. Alisikitika. Mama alikuwa na miaka sabini na mmoja."

Mama na mwana walilazwa hospitali moja, wodi mbili zilizotenganishwa na ukumbi mrefu. Ilichukua siku kadhaa mpaka muuguzi mmoja mwenye huruma akubali kukisukuma kitanda chake hadi upande wa pili. Kabla hawajaingia, kinyozi aliomba shuka livutwe vizuri lifunike banzi la mbao alilofungwa mguuni kuushikilia mfupa. Alikuwa ameshaamua.

Mama alikuwa amekonda usoni, midomo imekauka. Alipomwona mwanawe akatabasamu, na swali lake la kwanza likawa lile la mama wote.

"Umekula, baba?"

"Nimekula, mama."

"Nani anakunyanyua?"

"Dada ananisaidia. Wapo na vijana."

"Waambie wasikuvute mkono. Wakushike kwapani." Alifumba macho akapumzika kidogo. "Na kwa nini wamekuleta na kitanda? Kiti kiko wapi?"

"Kiti kina pancha, mama."

Alikubali. Akamshika vidole, akavibonyeza kimoja kimoja kama anakamua kitambaa. "Tumshukuru Mungu," akasema, "wewe hukuumia. Mimi nikishafanyiwa hiyo operesheni nitarudi, tutaendelea."

Kinyozi anasimulia hayo macho yakiwa kwenye kichwa cha mteja, mkono ukipita polepole nyuma ya sikio. Dereva wa lori hacheki tena. Ametulia kama maji ya mtungini.

"Sikumwambia," anasema. "Niliona akijua, atajilaumu. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri."

Operesheni haikufanyika. Kifua cha mama kilishikwa, akapumua kwa taabu, na kabla wiki haijaisha akafariki. Aliondoka akiamini mwanawe alitoka salama mikononi mwake.

Maziko kinyozi hakuyaona. Daktari alikataa katakata asisafirishwe na mfupa ule. Dada alikwenda badala yake akiwa na simu mkononi, akaipiga na kuiacha wazi ili mgonjwa asikie. Alisikia nyayo nyingi, sepeto kwenye mawe, mtu akikohoa. Kisha salio likaisha. Alikaa ameishika simu sikioni, wagonjwa wenzake wakijifanya wamelala.

Lililofuata lilimuuma zaidi. Kaka yake, seremala, alikuja hospitali mara moja tu, baada ya maziko. Alisimama miguuni pa kitanda, hakukaa.

"Mama amekufa amekubeba," alisema.

"Najua, kaka."

"Miaka minane."

"Najua."

Seremala akaweka mfuko wa matunda juu ya kabati, akaondoka. Hakurudi tena, hakupiga simu. Ndugu wawili waliobaki wakawa kama watu waliokutana njiani na kupishana.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio kwako ni kanda la usufi, na mtaa ulijitahidi usiwe hivyo. Majirani walipeana zamu za kumsaidia. Lakini majirani nao wana maisha yao, na kila aliyekuja kumnyanyua alikuja na hofu mikononi. Walikuwa wamesikia. Walimgusa kama mtu anayebeba trei ya mayai gizani. Plasta aliyowekewa baadaye ilimchubua kisigino bila yeye kujua, ikazaa kidonda kilichochukua miezi kufunga. Chumba cha mbele alimokuwa akinyolea kilifungwa. Wateja wakahamia kwingine, na kinyozi akawa hana mbele wala nyuma, akiishi kwa vilivyoletwa na Dada na wengine waliokumbuka.

Mguu ulipona kwa namna yake. Ni mfupi kuliko mwenzake na umepinda kidogo nje.

Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali ndiye aliyemwonyesha njia ya kuhama bila kubebwa: ubao laini unaowekwa kama daraja kati ya kitanda na kiti, na mtu mwenye mikono yenye nguvu anateleza juu yake kidogo kidogo, miguu ikifuata, ikishikwa na kuwekwa sawa mmoja baada ya mwingine. Mikono yake ilikuwa ya kuli. Kilichokosekana ni ubao.

"Kwa ubao huhitaji kwenda mbali," Dada alimwambia. "Una kaka seremala."

"Hatazungumza na mimi."

"Sijasema azungumze. Nimesema achonge."

Dada akapanda gari akaenda karakana na vipimo vilivyoandikwa kwenye kipande cha kitambaa cha bitana. Seremala alivisoma, akauliza unene tu. Ubao ulikuja baada ya siku chache, na aliyeuleta ni yeye mwenyewe. Alikuwa ameupiga randa na msasa mpaka unateleza kama sabuni, pembe zote zimeviringwa, hakuna kibanzi kinachoweza kuchana ngozi isiyosikia.

Akauweka kati ya kitanda na kiti. Akarudi nyuma hadi mlangoni.

"Jaribu," alisema.

"Nishikie miguu."

Seremala hakusogea. "Nisije nikakuvunja na wewe."

"Hutanivunja. Njoo. Mkono mmoja chini ya goti, mwingine chini ya kisigino. Usivute. Nifuate tu."

Akaja. Mikono iliyozoea nyundo ikashika goti na kisigino. Kinyozi akajisukuma, sentimita kwa sentimita, na kaka yake akaifuatisha miguu mpaka ikatua kwenye vikanyagio. Ilikuwa mara ya kwanza kwa seremala kuushika mguu wa mdogo wake tangu ulipopooza. Alibaki amepiga magoti pale sakafuni.

"Ule mkono wa mama," alisema bila kuinua uso. "Aliuvunjia kwangu. Aliniletea chakula karakana, akateleza kwenye maranda. Kidogo tu, hata hakuanguka kwa kishindo. Daktari alisema turudi apimwe mifupa, akishatolewa plasta. Nilikuwa na kazi ya milango ya watu. Nikasema tutakwenda wiki ijayo."

Kinyozi alinyoosha mkono akamshika kaka yake kichwani, akakuta nywele zimekuwa ndefu na chafu za vumbi la mbao. Akamwambia akae chini.

Leo chumba kimefunguka tena. Siku za kawaida hunyoa vichwa kumi hivi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huweza kufika ishirini na tano. Kipato kinatosha kodi ya chumba na chakula. Dawa ya mifupa aliyoandikiwa inagharimu karibu kazi ya wiki mbili, kwa hiyo kuna miezi anainunua na miezi anaikosa. Daktari hakumdanganya. Alimwambia mfupa uliokwisha konda ni vigumu kuurudisha. Kinachowezekana ni kupunguza kasi na kuukinga usivunjike tena.

Anajikinga. Kila jioni hulinganisha mapaja yake kwa kamba ya kupimia aliyopewa na Dada, na hujitazama visigino kwa kioo cha kinyozi. Kuna siku anasita hata kuvaa soksi. Mara mbili amekwenda wodi ya waliovunjika uti wa mgongo, akawanyoa wapya bure, na katikati ya kunyoa akawaambia habari za mifupa. Wengi wanamtazama kwa macho ya mtu anayengoja aambiwe atatembea lini. Anawaelewa. Anarudia tena.

Anachokiwazia sasa ni safari moja fupi. Kaburi la mama yake liko kwenye mteremko nje ya mji, na hajawahi kuliona. Gari hufika hadi langoni. Kutoka hapo ni mawe na mizizi. Daktari amemwonya kwamba kiti kikikwama ghafla akarushwa mbele, watakutana tena pale pale chumba cha eksirei. Kaka yake alijitolea kumpandisha mgongoni, akakataa.

"Migongo ya watu nimeilalia vya kutosha," anasema.

Sasa wamekubaliana jambo jingine. Mvua zikikatika, ardhi ikikauka, seremala atakuja na mbao nne ndefu. Watazitandika mbili mbili chini ya magurudumu. Kiti kikishapita juu ya mbili, zinatolewa nyuma na kuwekwa mbele, hivyo hivyo mpaka juu. Huenda ikawachukua asubuhi nzima. Hawana haraka.

Dereva wa lori amemaliza. Anafutwa shingo kwa taulo, anajitazama kwenye kioo, anatoa hela, na kabla ya kutoka anauliza swali ambalo benchi zima lilikuwa limelikalia. Akifika kule juu, atafanya nini?

Kinyozi anakung'uta nywele kwenye kigoda kabla ya kujibu.

"Nitamwambia kwamba siku ile na mimi nilivunjika," anasema. "Atanigombeza kwa kumficha, namjua. Acha anigombeze."